Mgongo wa Mtu Mwingine

Oldonyo Sambu,
3 Machi 2025

Mwanangu Violet,

Marahaba. Najua barua yako itaanza na shikamoo, kwa hiyo nimeijibu mapema, tusipoteze karatasi. Hapa hatujambo. Mvua zinatutania, mawingu yanashuka kutoka Meru, yanayatazama mashamba yetu, kisha yanarudi yalikotoka. Mbuzi wa jirani yangu Namnyaki wamenimalizia mchicha wote, naye ameniletea maziwa ya kuomba msamaha. Kaka yako Abdiel na mkewe huko Sekei ni wazima, wanaongeza chumba, sijui cha kumlaza nani.

Juzi nilikwenda barabarani kwenye duka la Arafa la kuchapa na kutoa kopi, ndipo akanifungulia picha uliyotuma, ile umesimama na wazungu wako mkipewa tuzo. Niliitazama hadi Arafa akaniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Violet, meno yako yako wapi? Ulikuwa na meno ya huku, ya kahawia kama yangu, kama ya kila aliyekunywa maji haya utotoni. Ulipokwenda kusoma Dar uliniandikia kwamba dada mmoja alikuona ukicheka akakuambia, "Wewe wa Arusha," mkawa marafiki. Sasa mdomoni una vigae vya bafuni. Nimeshtuka, na sitasema sikushtuka.

Mengine ni madogo. Shingo ni ile ile, haigeuki, nikitaka kumtazama mtu wa pembeni nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mikono siku hizi inakufa ganzi, sindano inanidondoka nikishona. Ni uzee. Usipige simu, unajua masikio yangu yanaambulia mvumo tu. Andika, Arafa atanichapia.

Aliyekulea na anayekudai majibu,
Shangazi Tekla

*

Uholanzi,
17 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, hata kama umeshaipokea. Mimi ni mzima. Baridi inaanza kulegea huku na watu wamejaa nje wakiota jua. Habari ya mbuzi niliisoma kwenye treni nikacheka peke yangu, mama mmoja akahama kiti. Msalimie sana Namnyaki.

Suala la picha tutaliongea siku nyingine.

Lakini shangazi, ganzi ya mikono si jambo la kuandikwa mwishoni mwa barua baada ya mbuzi! Unatakiwa ufanyiwe kipimo cha CT cha shingo. Ni ile mashine ya duara, unalazwa na kitanda kinakupitisha katikati yake. Inakupiga mionzi kutoka kila upande, inakusanya vivuli, halafu kompyuta inakokotoa vivuli vile hadi inapata picha ya ndani yako, kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa.

Na hapa ndipo nina habari ya kukufurahisha. Kazi yangu ya miaka yote hii ni huko huko kukokotoa. Mionzi mingi si mizuri kwa mwili, lakini ukiipunguza picha inatoka na chengachenga, kama televisheni ya zamani. Sisi tumeifundisha kompyuta. Tumeionyesha maelfu ya picha, kila moja na pacha wake: moja ya chenga, nyingine safi, za mtu yule yule. Ikajaribu, ikakosea, tukaisahihisha, hadi ikaweza yenyewe kuitoa picha safi kwenye ile ya chenga. Hiyo ndiyo akili mnemba mnayoisikia redioni. Mgonjwa anapata mionzi michache, na mashine chakavu inatoa picha kama mpya.

Na mji wa kwanza nje ya huku kuijaribu ni Arusha. Nilipambana mwaka mzima. Wenzangu walitaka kwanza tuifundishe kwa picha za watu wa huko, kazi ya miaka miwili. Nikawaambia mfupa ni mfupa, na watu wangu wanaumwa leo. Wakakubali. Kwa hiyo nenda, mwanao Abdiel akupeleke mjini, hospitali ile niliyomwelekeza. Picha yako itasafishwa na mikono yangu.

Ninayekupenda,
Violet

*

Oldonyo Sambu,
28 Aprili 2025

Mwanangu Violet,

Marahaba. Mvua zimekuja, na zimekuja na madeni ya mwaka jana. Barabara ya kwetu imekuwa mto. Ndiyo sababu nimechelewa kufika dukani kwa Arafa. Namnyaki amepata mjukuu wa kiume. Kanisani wamebadilisha mwalimu wa kwaya, na sasa tunaimba kama watu waliokatazwa kupumua.

Nimekwenda kupimwa. Abdiel alinipeleka asubuhi, nikavuliwa hereni, nikalazwa kwenye hilo duara lako. Kijana anayeiendesha anaitwa Ludovick, ana adabu. Nilimwambia, "Programu iliyomo humo ni ya binti yangu." Alishtuka, akawaita wenzake, wakaja wote kunisalimia nikiwa nimelala pale na gauni la hospitali limefunguka nyuma. Kitanda kikaingia, kikatoka, basi.

Daktari alizisoma picha mbele yetu. Kijana mdogo, mgeni wa mji huu. Akasema, "Mama, una shingo ya binti wa miaka ishirini na tano." Nikamwambia arudie, kwa ajili ya masikio yangu na kwa ajili ya raha. Akarudia. Hakuna kitu, mgongo ni safi, nipumzike na nisifikirie sana. Abdiel alicheka njia nzima hadi Ngaramtoni, akisema tumepoteza siku kumpima msichana.

Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba mashine ya mwanangu imenitazama ndani na kunikuta mzima. Watu walipiga makofi. Arafa amepiga picha ile filamu waliyonipa, anakutumia pamoja na barua hii, ili uone jinsi ulivyonitendea vizuri.

Bado sijajibiwa kuhusu meno.

Msichana wako wa miaka ishirini na tano,
Shangazi Tekla

*

Uholanzi,
30 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa, unisamehe.

Filamu uliyonitumia si yako. Nimeitazama tangu asubuhi. Wewe ni mtu ambaye nikiwa mtoto nilijificha upande wako wa kushoto ili usinione nikila sukari, kwa sababu shingo yako haikuweza kugeuka haraka. Shingo iliyo kwenye filamu hii ni laini, kila pingili imeachana na mwenzake, njia ya uti wa mgongo ni pana. Mwenye shingo hii anaweza kutazama nyuma akiwa anaendesha baiskeli.

Wamekubadilishia picha na mtu mwingine. Ina maana kuna binti mahali fulani hapo mjini ambaye ameambiwa ana mgongo wako. Tafadhali mwambie Abdiel arudi hospitalini kesho.

Violet

*

Oldonyo Sambu,
12 Mei 2025

Violet,

Marahaba. Namnyaki na mjukuu ni wazima. Mahindi yamefika magotini.

Barua yako imeniudhi. Hakuna aliyebadilishiwa kitu. Jina limeandikwa Tekla Ndesanjo, na mwaka wangu wa kuzaliwa upo, ingawa sikufurahi kuuona umeandikwa wazi namna ile. Kama hutaki kuamini jina, tazama ile picha ndogo ya pembeni inayonionyesha kutoka ubavuni, kichwa na shingo. Jino langu la chuma la nyuma linang'aa humo kama taa ya gari. Ni nani mwingine Arusha nzima ana jino lile pale? Ulikuwepo nilipolitia, ulilia kuliko mimi.

Kwa hiyo ni mimi. Daktari amesema, mashine imesema, na mashine ni yako. Unaikana kazi yako mwenyewe kwa sababu shangazi yako amekutwa na bahati? Nimeshawaambia watu kanisani. Sirudi hospitali kuwaambia nimekuja kubishana na picha.

Abdiel hana nafasi. Usimsumbue.

Shangazi Tekla

*

Uholanzi,
15 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na usikasirike. Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana.

Nimeikuza ile picha ndogo. Jino ni lako. Ni wewe, shangazi, niliyemkosea ni Ludovick wa watu.

Lakini sasa nimeona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kazi hii. Picha ndogo ile mashine huipiga mwanzo, kujua mtu amelala wapi, na haipiti kwenye programu yetu. Kwenye picha ndogo shingo yako ni nyeupe tupu, nene, pingili zimeshikana, imejaa miiba. Kando yake zipo picha kubwa, zilizopita kwetu, na humo shingo ni ya yule binti wa daktari. Filamu moja, siku moja, mtu mmoja, na migongo miwili. Niliinuka kwenye kiti nikaenda kusimama nje bila koti.

Nadhani najua kilichotokea ila sitaki kukisema kabla ya kuona. Vivuli vya mwanzo kabisa, kabla ya kusafishwa, bado vimehifadhiwa kwenye mashine kwa ajili ya mradi. Ludovick anaweza kuvikokotoa kwa njia ya zamani, picha itoke na chenga zake zote. Lakini ni mwili wako, hawawezi kunionyesha bila sahihi yako. Arafa anayo karatasi, ameshaichapa. Ni kusaini tu.

Na nijibu swali moja bila kuzunguka kwa Namnyaki wala mahindi. Miguu yako ikoje?

Violet

*

Uholanzi,
9 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nilingoja jibu wiki ya kwanza nikasema ni mvua. Wiki ya pili nikasema bado umekasirika. Ya tatu nilimpigia Arafa, akaniambia karatasi ipo pale pale chini ya kikokotoo na Mwalimu hajaonekana barabarani tangu katikati ya Mei alipoichukua barua yangu. Nikamwomba afunge duka aende kwako na ile karatasi. Aliponipigia alikuwa analia hadi nikadhani umefariki.

Akaniambia, "Dada Vai, Mwalimu anatembea kwa makalio. Nimemkuta jikoni anajikokota chini, kashika sufuria ya makande. Kaniambia anatafuta kifuniko." Alipokuinua miguu ilikuwa inakakamaa na kutetemeka. Namnyaki amekuwa akikubeba kwenda msalani, na umemwapisha asimwambie mtu. Tangu lini, shangazi? Tangu ushuhuda wa kanisani? Tangu lini hukuweza kusimama, nami huku naandikiwa habari za mahindi?

Nikampigia Abdiel. Sitaandika yote niliyomwambia kwa sababu wewe bado ni mama yake. Alisema, "Violet, kipimo kimeonyesha mama ni mzima. Anadeka tu, anataka nihamie shamba." Alisema mwanzoni mwa mwezi uliopita ulimwomba akupeleke tena akakukatalia, kwa sababu picha ipo. Nilikaa na simu mkononi nikashindwa kuendelea kumkaripia, maana picha aliyokuwa anaitegemea niliitoa mimi.

Asante kwa kusaini. Jana jioni Ludovick alinitumia picha ya njia ya zamani. Ni mbaya, imejaa chenga na michirizi. Na katikati ya chenga hizo, ndani ya njia ya uti wa mgongo, kuna ukuta mweupe wa mfupa unaoshuka pingili baada ya pingili na kuukandamiza uti wako hadi umebaki uzi. Profesa wetu alivua miwani akaifuta, akatazama tena.

Ngoja nikueleze, wewe ni mwalimu. Maji ya huko yana floraidi nyingi, na magadi ya makande vile vile. Utotoni yanakula meno, hilo tunalijua wote. Lakini ukiyanywa miaka arobaini na zaidi, yanaingia kwenye mifupa, inakuwa mizito, na kano zinazoishikilia zinageuka mfupa. Kompyuta yetu haijawahi kuona mtu wa namna hiyo. Picha zote tulizoifundishia ni za watu wa huku. Kwao, weupe unaochirizika kando ya mfupa kwenye picha hafifu ni uchafu wa picha, ndivyo tulivyoisahihisha maelfu ya mara: futa. Ikakufuta. Iliuona ule ukuta ikadhani ni uchafu, halafu mahali pake ikajaza shingo iliyozoea kuiona. Haikuonyesha shaka yoyote.

Abdiel yuko njiani sasa hivi. Kesho anakupeleka Moshi, daktari wa upasuaji ameshaiona picha ya chenga na amesema usichelewe hata kidogo. Mimi siwezi kuja. Kibali changu cha kuishi huku kinafanywa upya na nikitoka sitarudishwa, na nikitoka hakuna atakayebaki kuizima programu hii ipasavyo. Naomba unielewe, ingawa mimi mwenyewe sijielewi.

Violet

*

Moshi, wodini,
22 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono, na mwandiko huu ungekuwa wa mwanafunzi wangu ningemrudisha nyumbani. Vipimo na foleni vimekula karibu wiki mbili, kesho asubuhi wananipasua. Chakula cha hapa ni kizuri ila chai wanaihurumia majani. Abdiel amekaa kwenye benchi huko nje tangu juzi, hataki kwenda kulala kwa shemeji yake. Nikimwita anaingia ameinamisha kichwa. Nimemwambia anyoe, anatisha wagonjwa.

Umeniuliza tangu lini. Miguu ilianza kuwa mizito kabla ya kipimo. Baada ya kipimo, wiki ile ile ya ushuhuda, nilianguka shambani nikakaa pale hadi Lemomo, mume wa Namnyaki, aliponiona. Nilishtuka kama wewe ulivyoshtuka, ila mimi nilikuwa na jibu mkononi. Nilikwenda nikaitoa filamu, nikaitazama dirishani. Mgongo safi. Nikasema basi ni kichwa changu kinachonidanganya, niko mpweke, ninadeka kama Abdiel alivyosema. Nilijilazimisha kusimama. Nikianguka nilijisema kwa sauti, "Simama mwongo wewe!" Namnyaki akiniita mama kwa Kimaasai chake, "Yeyo, twende hospitali," namwonyesha filamu.

Halafu ikaja barua yako ya kwanza ya kuikana ile picha, na hapo niliogopa kweli kweli. Nilifikiri hivi: nikisema miguu inakufa, nitakuwa nasema mashine ya Violet ni mwongo. Watamnyang'anya tuzo. Watasema mtoto wa Oldonyo Sambu alituletea kitu kibovu. Nikaona ni afadhali nitambae jikoni kwangu mlango umefungwa. Sikusaini kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya hasira. Nilimsainia Arafa kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu kifuniko cha sufuria sikukiona kabisa.

Niliiamini picha yako kuliko miguu yangu mwenyewe, Violet. Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne kwamba wasikubali kitu bila kukishika.

Nimesoma mara nyingi pale ulipoeleza kuhusu kompyuta. Nawajua wanafunzi wa namna hiyo. Anakariri majibu ya mtihani wa mwaka jana, unampa swali jipya anaandika jibu lile lile, mwandiko mzuri, hajafuta hata neno. Tatizo lake si ukorofi. Ni kwamba hakuna aliyempa swali jipya mapema. Na wewe ulijua kuna swali jipya, maana ulilikulia.

Daktari amesema hawezi kuniahidi miguu. Nimekuandikia hili ili usilisikie kwa Abdiel.

Shangazi Tekla

*

Uholanzi,
27 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Abdiel ameniambia umeamka, umeomba chai ya majani mengi, na umekunja kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nimepiga magoti jikoni.

Barua yako imenifika leo, ameipiga picha. Sikuweza kwenda kazini. Nilijua ulikuwa unaumwa peke yako. Sikujua ulikuwa unatambaa ili mimi nisiaibike. Sijui nifanye nini na jambo hilo, shangazi, sijui kabisa niliweke wapi.

Programu imezimwa hapo Arusha. Ludovick na wenzake wanazirudia picha zote zilizopita kwetu, kwa njia ya zamani, moja moja, na wanawaita watu. Wa kwanza waliyemwita ni baba mmoja wa Oldonyo Sambu hiyo hiyo, naye aliambiwa mzima.

Ulikuwa unadai jibu la meno. Niliyafunika mwaka wangu wa pili huku. Kila nikicheka waliniuliza kama navuta sigara. Nilitaka watu waniangalie bila kuuliza. Ndiyo hiyo.

Violet

*

Oldonyo Sambu,
3 Novemba 2025

Mwanangu Violet,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza kwa heshima. Abdiel ameniwekea tangi kubwa la kuvuna maji ya bati, na magadi ameyatupa yote, hata yale niliyoficha. Makande sasa yanachukua siku nzima kuiva na hayana ladha. Kile chumba cha Sekei kumbe walikuwa wananijengea mimi, nimewaambia wakipangishe. Mjukuu wa Namnyaki anatambaa, nami nimempa ushauri wa kitaalamu.

Natembea. Ninayo fremu ya chuma, mguu wa kushoto unatii, wa kulia unaburuta na daktari anasema utabaki hivyo. Mikono imerudi kiasi cha kushona. Nimefika dukani kwa Arafa kwa miguu yangu, nimepumzika njiani mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Umeandika mwezi uliopita kwamba unataka kuiacha kazi hiyo. Nimesoma, na sitaki kuisoma tena. Ukiacha wewe ataichukua mtu ambaye hajawahi kunywa maji haya, na siku moja itarudi Arusha ikiwa bado haitujui. Nimezungumza na watu hapa. Namnyaki atapimwa, Lemomo atapimwa, yule baba aliyeitwa kwanza naye yumo, na wazee wa kanisa wote wanaogeuka kama makabati. Kwa kuwa kibali chako kimetoka, tunakusubiri Desemba na karatasi zako za sahihi. Piga picha za chenga na picha safi, mpe mwanafunzi wako, na kila akitufuta msahihishe.

Filamu zote mbili nimezibandika dirishani, ya chenga na ile safi. Wageni wakija nawauliza ipi nzuri, wote wanachagua safi. Abdiel alitaka kuichana nikamkataza. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Asubuhi jua likipita humo namtazama yule mwanamke mwenye shingo laini, naye ni mimi, ana jino langu la chuma pembeni, ana jina langu, ila yeye alikunywa maji mengine. Nadhani anaweza kugeuka akamwona mtoto anayeiba sukari. Namwonea wivu, Violet. Wengine wanamwonea hasira, mimi namwonea wivu hadi machozi yananitoka, halafu nachukua fremu yangu naenda kuwasha moto.

Ukija usivae viatu virefu, njia ni tope. Cheka, hata kwa hivyo vigae. Na ukifika getini usinikimbilie kunishika. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Subiri hapo hapo ulipo, hata kama nitachukua muda, mpaka nikufikie.

Shangazi yako,
Tekla